Mũndũ: Herufi Tano, Baiti Saba

Andika neno la Kikamba mũndũ, yaani mtu, kwenye kompyuta. Jicho lako litahesabu herufi tano. Diski itahesabu baiti saba, na ukiifungua faili kwa chombo kinachoonyesha baiti moja moja utazikuta zimejipanga hivi: 6D C5 A9 6E 64 C5 A9. Herufi m, n na d zimechukua baiti moja kila moja. Ũ zimechukua mbili mbili. Tano na saba zote ni hesabu sahihi. Balaa huanza pale programu mbili zinapopeana neno hilo huku moja ikihesabu herufi na nyingine ikihesabu baiti, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Tawa ni soko la Mbooni Mashariki, Kaunti ya Makueni. Ukivuka Mto Athi uko Kitui. Kila upande wa mto watu husema Kikamba, lugha yenye irabu saba. Alfabeti ya Kirumi ina irabu tano tu, kwa hiyo mbili zilizobaki zilivishwa kiwimbi kichwani: ĩ na ũ. Wakikuyu nao wanazo hizo hizo, ndiyo maana msomaji asiyewahi kufika Ukambani bado amewahi kuziona kwenye jalada la kitabu, katika jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Na kama amelisoma jina hilo kwenye orodha iliyotoka kwenye mfumo mbovu, basi amewahi kuona pia NgÅ©gÄ©.

Ingia duka lolote la kompyuta la sokoni, yaani saiba, kukiwa na mazishi wikendi hiyo. Mtu analetewa historia ya marehemu na nyimbo za Kikamba zichapwe kwenye kijitabu. Mchapaji mwenye haraka huandika mundu na kusonga mbele. Wenye lugha watajua. Mwenye subira hutafuta kiwimbi, akakipata, akahifadhi. Kisha faili inafunguliwa kwenye programu nyingine na ukurasa unasoma mÅ©ndÅ©. Hakuna kirusi hapo. Baiti ni zile zile saba, hazijaguswa hata moja. Programu ya pili imezisoma kwa utaratibu wa zamani unaoitwa Latin-1, ambamo kila baiti ni herufi kamili: C5 ni Å, A9 ni ©. Ukihifadhi sasa, ndipo uharibifu unapokuwa wa kweli, kwa sababu Å na © zitaandikwa upya kama herufi mbili halali, na ũ moja itageuka kuwa baiti nne: C3 85 C2 A9. Ukirudia mchezo huo mara mbili tatu, jina la marehemu halisomeki tena.

Utaratibu wa kizamani haukuwa na nafasi ya Mkamba. ASCII, uliotoka Marekani mwaka 1963, ulitosha Kiingereza na haukujua kiwimbi juu ya herufi yoyote. Latin-1 uliongeza herufi za Ulaya Magharibi, ukaweka ã na ñ na õ, ukaziacha ĩ na ũ. La kuchekesha ni kwamba zilikuwemo kwenye Latin-4, utaratibu uliotengenezwa kwa ajili ya watu wa Estonia, Latvia, Lithuania na Greenland. Kwa hiyo kulikuwa na kipindi ambapo njia halali ya kuandika Kikamba kwenye kompyuta ilikuwa kujifanya uko karibu na Ncha ya Kaskazini. Simu hazikuwa na huruma zaidi: ujumbe mfupi wa kawaida hubeba herufi 160, lakini ukiingiza ũ moja tu simu hulazimika kubadili utaratibu na nafasi hushuka hadi 70. Ni nani atakayelipia kiwimbi?

Suluhisho lilikuja Septemba 1992, Ken Thompson na Rob Pike walipokaa kwenye mkahawa mmoja wa New Jersey na Thompson akachora UTF-8 kwenye karatasi ya kuwekea sahani. Herufi za ASCII zilibaki na baiti zao moja moja. Herufi nyingine zote zilipewa baiti mbili au zaidi, na kila baiti hutangaza daraja lake. C5, ukiiandika kwa sifuri na moja, ni 11000101: hizo moja mbili na sifuri za mwanzo husema “naanzisha herufi ya baiti mbili.” A9 ni 10101001: moja na sifuri za mwanzo husema “mimi ni mkia, anayenitangulia ndiye kichwa.” Ukidondokea katikati ya maandishi popote, unajua mara moja kama umeangukia mwanzo wa herufi au katikati yake. Kazi safi kabisa, na sijui kitu kingine kilichochorwa kwenye meza ya chakula kikabeba lugha nyingi kiasi hicho.

Mtu angedhani hadithi imeishia hapo. Haijaisha, kwa sababu si kila kinachopita ndani ya kompyuta ni maandishi.

Kihariri maandishi ni programu ya kuandikia: Vim, Emacs na nyinginezo wanazotumia waandika programu kutwa nzima. Vihariri hivi huongezewa uwezo kwa lugha zao wenyewe ndogo ndogo, Vim kwa Vimscript, Emacs kwa Lisp. Lugha hizo ni salama, ila kuna kazi zinazozilemea: kufungua picha, kufumbua faili iliyofinywa, kuendesha skrini ya amri ndani ya dirisha la kihariri. Kazi hizo tayari zina maktaba zilizoandikwa kwa C miaka mingi iliyopita, na hakuna sababu ya kuziandika upya. Ndipo kinapotengenezwa kiendelezi asilia, yaani kipande cha msimbo kilichokompailiwa kwa lugha ya mashine, ambacho kihariri hukipakia na kukiita moja kwa moja. Kinakwenda kasi kuliko chochote. Kikianguka, kinaanguka na kihariri kizima na kazi yako ambayo hukuihifadhi.

Kati ya kihariri na kiendelezi kuna mpaka, na kinachovuka mpaka huo ni baiti. C haina dhana ya herufi kwa maana tunayoijua. Ina anwani ya mahali baiti zinapoanzia, na mazoea ya tangu zamani kwamba baiti yenye thamani ya sifuri ndiyo mwisho wa maneno. Kwa maandishi mazoea hayo hayana taabu, kwani UTF-8 haitumii baiti sifuri ndani ya herufi nyingine yoyote. Kwa picha, sauti au faili iliyofinywa, sifuri zimejaa tele. Ukipitisha picha kwenye mlango uliotengenezewa maneno, upande wa pili utapokea kipande kidogo cha mwanzo kisha kimya.

Iangalie Vim, kwa sababu ni kihariri chenye undugu na Afrika Mashariki. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyekitoa mwaka 1991, alijitolea mwaka 1994 huko Kibaale, kusini mwa Uganda katika eneo la Rakai, akishughulikia maji na usafi kwenye kituo cha watoto wakati UKIMWI ulikuwa umeacha mayatima kila kijiji. Aliporudi Uholanzi alianzisha mfuko wa ICCF Holland wa kuwasomesha, na Vim akaifanya programu ya hisani: itumie bure, ukipenda changia watoto wa Kibaale. Mpaka alipofariki Agosti 2023, na hata baada yake, mamilioni ya watu wamefungua Vim wakakutana na mstari unaowaomba wasaidie watoto maskini wa Uganda. Wengi hawakuwahi kuuliza Uganda imeingiaje humo.

Vim hiyo hiyo ilibeba kwa miaka mingi alama za ukoo wake wa C. Kila mstari wa maandishi umehifadhiwa kumbukumbuni kama mfuatano unaoishia na sifuri. Sasa faili yenye sifuri ndani ya mstari itafanywaje? Vim huibadilisha sifuri hiyo kuwa alama ya mstari mpya, kwa sababu alama hiyo haiwezi kuwa ndani ya mstari, halafu huirudisha wakati wa kuhifadhi. Ni ujanja mzuri, na faili haiharibiki. Lakini ukiwa na amri ya libcall(), inayoita maktaba ya C moja kwa moja, ujanja hauna pa kusimama: libcall() hupokea namba au mfuatano wa maneno, hurejesha mfuatano wa maneno, na mfuatano ukikutana na sifuri umekwisha. Januari 2019 ndipo Vim ilipata aina mpya ya data iitwayo Blob, rundo la baiti tupu lisilodai kuwa maandishi. Huandikwa kwa kiambishi 0z, kwa mfano 0z6DC5A9, na linaweza kubeba sifuri kadiri lipendavyo. Njia za kuzungumza na programu nyingine zikapewa ch_readblob(), ya kusoma kilichokuja bila kukitafsiri. Miaka 27 tangu toleo la kwanza, ndipo kihariri kilipopata jina la kuita kitu ambacho si maneno.

Jambo hilo linafanana na biashara ya ndengu pale sokoni. Mwenye lori anahitaji uzito wa gunia na mahali pa kulishusha. Hana haja ya kulifungua ahesabu punje, na akilifungua njiani akaanza kuchambua, mzigo hautafika ulivyofungwa. Mpaka mzuri kati ya programu mbili hutofautisha mteja anayetaka kuchambuliwa na anayetaka kusafirishiwa tu.

Emacs ilichelewa kwa namna nyingine, na hapa nataka tukae kidogo. Uwezo wa kupakia moduli za lugha ya mashine uliingia katika toleo la 25.1, mwaka 2016. Walioandika mkataba wa mpaka huo waliamua kwa busara: maandishi yote yavuke kwa UTF-8. Moduli ikitaka kuipa Emacs maneno, huita make_string, ikitoa anwani na urefu. Ikitaka kuyachukua kutoka Emacs, huita copy_string_contents, na huita mara mbili. Mara ya kwanza haitoi mahali pa kunakilia. Inauliza tu nafasi inayohitajika. Kwa mũndũ jibu ni 8: baiti saba na sifuri ya mwisho. Moduli inatenga nafasi hiyo, kisha inaita tena, na sasa baiti zinanakiliwa. Anayesahau ile ya nane, akatenga saba huku akiiambia Emacs zipo nane, huandika nje ya kiwanja chake. Anayetenga nafasi kwa kuhesabu herufi tano amekosea mapema zaidi, ila hatajua, kwa sababu neno alilojaribia lilikuwa hello.

Utaratibu huu ulikuwa mwema kwa Kikamba. Ũ ilivuka salama kwenda na kurudi. Kilichokwama ni picha. Chukua hati ya shamba iliyoskaniwa saiba ikahifadhiwa kama PNG. Faili yoyote ya PNG huanza na baiti nane: 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A. Waliotunga muundo huo walikuwa wameshaonja uchungu wa picha kupita kwenye milango ya maandishi, wakapanga baiti za mwanzo ziwe mtego. 89 iko nje ya ASCII kusudi, ili mfumo unaokata biti ya juu ujulikane. 0D 0A ni mwisho wa mstari kwa mtindo wa Windows, na 0A ya mwisho ni kwa mtindo wa Unix. Chombo chochote kinachojipa kazi ya kunyoosha mistari kitaiharibu saini na picha itakataa kufunguka papo hapo, badala ya kufunguka ikiwa na madoa. Sasa ipitishe saini hiyo kwenye make_string. Baiti ya kwanza kabisa, 89, kwa UTF-8 ni mkia usio na kichwa. Mkataba umevunjika kabla ya baiti ya pili, na Emacs haikuahidi chochote kwa anayevunja mkataba.

Watu wakatafuta vichochoro. Wapo walioigeuza picha kuwa base64, ambapo kila baiti tatu huandikwa kwa herufi nne za ASCII, wakavuka nazo, wakazifumbua ng'ambo. Inafanya kazi. Mzigo umeongezeka kwa theluthi na umefungwa na kufunguliwa bila sababu. Wapo walioipeleka baiti moja moja kama orodha ya namba, na kwa picha ya megabaiti moja hiyo ni namba milioni moja zikivuka kwa zamu. Wapo pia walioivisha kila baiti sura ya herufi ya Latin-1, wakaivusha kama maandishi halali, kisha wakaivua ng'ambo. Hawa ndio wajanja zaidi, na kichochoro chao ni kile kile kilichozaa mÅ©ndÅ©, tofauti ni kwamba wao walikumbuka kurudi.

Ajabu ni kwamba ndani ya Emacs tatizo lilikuwa limeshatatuliwa zamani. Emacs ina aina mbili za mfuatano: wa herufi, na wa baiti, ambamo kila nafasi ni baiti moja isiyodai maana. Hata baiti ghafi inapojikuta katikati ya herufi, Emacs ina pa kuiweka. Unicode huishia kwenye namba 10FFFF. Emacs imejiongezea namba mpaka 3FFFFF, na nafasi 128 za mwisho kabisa zimetengewa baiti 80 hadi FF zinazopita bila hati. Faili iliyoharibika nusu ikifunguliwa, sehemu nzima husomeka na sehemu mbovu huonekana kama \305 au \251, namba za mfumo wa msingi wa nane, na ukihifadhi hurudi kama ilivyokuwa. Hakuna kinachobuniwa, hakuna kinachotupwa. Kwangu huo ndio uungwana wa hali ya juu katika programu yoyote inayogusa maandishi ya watu. Kilichokosekana ni mlango tu, na mlango ukatokea kwenye toleo la 28.1, mwaka 2022: make_unibyte_string. Inapokea anwani na urefu kama ndugu yake, bila sharti lolote juu ya thamani za baiti. Karibu miaka sita kwa ajili ya kitendo kimoja. Sisemi ni uzembe. Mkataba wa mpaka ukishatolewa, moduli za watu huutegemea, na kinachoongezwa leo hakitaondolewa kesho, kwa hiyo wenye busara huongeza polepole.

Mlango ukiwepo bado kuna suala la vipande. Kiendelezi cha vterm huleta skrini ya amri ndani ya Emacs kwa kutumia maktaba ya C iitwayo libvterm. Programu inayoendeshwa humo hutoa baiti mfululizo, na mfumo huzileta mafungu mafungu, kila fungu likikatwa popote palipojaa. Siku moja mkato utaangukia kati ya C5 na A9. Fungu la kwanza limeishia na kichwa, la pili limeanza na mkia. Anayetafsiri kila fungu peke yake atachapisha takataka mbili mahali pa ũ moja, na hitilafu haitarudi ukiijaribu tena, kwa kuwa safari hii mkato umeangukia kwingine. Dawa ni kuangalia mwisho wa kila fungu, ukikuta herufi isiyokamilika uizuie, uiunganishe na fungu linalofuata. UTF-8 imelifanya jambo hilo kuwa jepesi, kwa sababu ya vile vitambulisho nilivyotaja.

Halafu kuna mahali, yaani kusema “kosa liko nafasi ya kumi na mbili ya mstari huu.” Nafasi za nini? Maktaba ya Tree-sitter, inayosoma muundo wa msimbo, huhesabu baiti. Itifaki ya LSP, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2016 ili vihariri vizungumze na vikaguzi vya msimbo, ilichagua kuhesabu vipande vya UTF-16, na ndivyo inavyofanya mpaka leo pande mbili zisipopatana vingine. Kwa UTF-16 ũ ni kipande kimoja, kwa hiyo Mkamba ananusurika kwa bahati. Anayeumia ni mwenye kuweka emoji, ambayo kwa kawaida huhesabiwa mbili. Kwa baiti mambo ni kinyume: kila ũ iliyotangulia kosa kwenye mstari husogeza alama nyekundu ya kosa hatua moja kulia, na mstari wenye maelezo ya Kikamba utapigiwa mstari chini ya neno lisilo na hatia.

Na kiwimbi chenyewe kina njia mbili za kuandikwa. Yupo ũ aliye kitu kimoja, na yupo u wa kawaida akifuatwa na kiwimbi kinachojitegemea, CC 83, kinachompanda kichwani. Kwenye skrini hutawatofautisha. Neno mũndũ la mtindo wa pili lina baiti tisa. Mfumo wa zamani wa faili wa kompyuta za Apple uliandika majina ya faili kwa mtindo huo wa pili, kwa hiyo faili iliyoitwa mũsyĩ, nyumbani kwa Kikamba, ikisafiri kutoka Mac kwenda kompyuta nyingine inaweza kutafutwa kwa jina lake sahihi isipatikane, ingali iko pale mbele ya macho.

Waandika programu wengi wa Nairobi na Dar es Salaam hujaribu kazi zao kwa Kiingereza na Kiswahili, wakidhani kwa Kiswahili wameshaonja lugha ya Kiafrika. Kiswahili cha herufi za Kirumi hakina hata herufi moja nje ya ASCII. Mtu ni herufi tatu na baiti tatu, Mungu ni tano na tano, na kila hesabu iliyokosewa hutoa jibu sahihi. Wangejaribu kwa Kiswahili kile cha hati za Kiarabu za Lamu wangeanguka mara moja, kwani huko karibu kila herufi ni baiti mbili. Lakini hakuna anayejaribu. Kikamba ni kipimo bora kuliko vyote viwili, hasa kwa sababu kimechanganyika: baiti moja, mbili, moja, moja, mbili. Hesabu mbovu haiwezi kubahatisha.

Kwenye Vim andika :echo strlen("mũndũ") upate 7, kisha :echo strchars("mũndũ") upate 5. Kwenye Emacs (string-bytes "mũndũ") ni 7 na (length "mũndũ") ni 5. Rudia kwa kiwimbi kinachojitegemea: baiti zitakuwa 9, na kile kilichokuwa 5 kitakuwa 7, ila Vim ukiiuliza kwa strcharlen() itarudi kwenye 5 ya msomaji. Baada ya hapo lipeleke neno hilo kwenye kiendelezi unachokitengeneza, likatwe baada ya baiti ya pili, lirudi, na uangalie kama C5 iliyoachwa peke yake imehifadhiwa ilivyo au imebadilishwa kimyakimya kuwa alama ya kuuliza.